ULIZA NESI: "Kila siku naandika niko poa, sasa hiyo itamsaidia nini daktari?"

Mwezi huu nimeamua barua za baipola niziweke pamoja maana zimekuwa nyingi na mnauliza yaleyale. Kwa ambaye hajui, baipola ni ugonjwa wa akili unaompandisha mtu na kumshusha. Akipanda anakuwa na nguvu kupita kiasi, maneno mengi, mipango mikubwa mikubwa, usingizi hautaki. Akishuka ndo sonona yenyewe, mwili mzito, hamu ya kitu hana, na katikati hapo anaweza kukaa miezi au hata miaka yuko vizuri tu anafanya kazi zake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 40 wenye ugonjwa huu mwaka 2019, kwa hiyo ukiambiwa ni mkosi wa ukoo wenu peke yenu usikubali.

Shikamoo dada. Mimi ni mama ntilie hapa Mtwara mjini, miaka 31, nina watoto wawili. Mwaka jana nililazwa nikaambiwa nina baipola, natumia dawa na namshukuru Mungu naendelea vizuri. Kliniki waliniambia niwe naandika mudi yangu, yaani hali ya moyo, kila siku kwenye daftari nikienda niwaonyeshe. Dada nimeandika mwezi mzima, niko poa, niko poa, leo sipo poa, niko poa, daktari kaangalia kafunga daftari. Sijui hata niandike nini. Alafu mume wangu nae tangu nitoke hospitali nikicheka sana ananiuliza umemeza dawa? Nikikasirika, umemeza dawa? Harusi ya mdogo wangu inakuja mwezi ujao na nyumbani washaanza kusema nisiende nitachanganyikiwa. Na mimi mwenyewe nimeanza kujiogopa, nikiwa na furaha najiuliza hii ni furaha au ndo inaanza? – Mama Wawili, Chikongola

Marahaba mdogo wangu. Pole ya kuumwa, na hongera ya kuandika mwezi mzima, maana kwa wengi daftari la mudi ikifika siku ya tatu limeshakuwa daftari la madeni ya maandazi.

Hilo la niko poa nimelisoma nikacheka kidogo kwa sababu madaftari ya hivyo nayaona sana, na mi huwa simlaumu mgonjwa, swali lenyewe aliloambiwa ajiulize ndo bovu. Ukimwambia mtu wa baipola aandike anajisikiaje, siku anapanda atakuandikia niko vizuri sana sijawahi kuwa vizuri hivi, na ni kweli kabisa anajisikia hivyo, hadanganyi. Ugonjwa unaingilia mlango huohuo wa kujisikia. Kwa hiyo andika ulichofanya. Umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, dawa umemeza au umesahau, hela gani imetoka ambayo haikuwa kwenye mpango. Basi, hivyo vinne vinakutosha kuanzia. Kuna watu wanachora jedwali la mistari kumi na mbili, maji waliyokunywa, hatua walizotembea, wiki haiishi wameshachoka. Ukipenda ongeza siku za hedhi, maana wapo wanawake ambao mudi inacheza na tarehe hizo na bila kuandika huwezi kuiona.

Katika hivyo vinne usingizi ndo mkubwa wao na hapa naomba unisikilize vizuri. Kulala kidogo peke yake hakuniambii kitu. We kwa kazi yako nadhani saa kumi alfajiri uko macho unawasha mkaa, hiyo ni kawaida yako na wala sio dalili. Ninachotaka kujua ni mchana wake ulikuwaje. Kama mtoto alikuwa na homa ukalala masaa matatu, mchana ukawa unasinzia mbele ya sufuria la wali, huo ni uchovu wa mama yeyote. Lakini kama hakuna mtoto aliyeumwa, hakuna ngoma jirani, umelala masaa matatu umeamka mwepesi, umefua mapazia ya nyumba nzima kabla hujaenda kwenye biashara na saa nane mchana bado una nguvu unatafuta kingine cha kufua, hiyo iandike kwa wino mwekundu. Ikijirudia usiku wa pili mfululizo usisubiri tarehe ya kliniki, piga simu au nenda. Mwulize daktari wako namba yenu iwe ngapi, wengine wanakubaliana usiku mmoja tu unatosha kwa sababu mgonjwa huyo akianza anakimbia. Na kingine ambacho watu hawajui, kukosa usingizi ni dalili lakini pia ni chanzo, yaani mtu aliyekuwa mzima kabisa akikeshwa siku mbili tatu ugonjwa unaweza kuamka kwa sababu hiyo tu. Sisi wa kusini hapo ndo tunapopatia shida, unyago usiku, msiba usiku, harusi usiku, kigodoro mpaka asubuhi.

Sasa ile namba ya mudi. Kliniki nyingi wanatumia kipimo chenye sifuri katikati, kuna juu moja, mbili, tatu na chini moja, mbili, tatu. Shida ni kwamba mtu anapewa namba bila kuambiwa sifuri yake iko wapi. Unajua wakulima wanavyogombana pale chama cha msingi mizani ikiwa haijarudishwa sifuri kabla gunia halijapanda, na hapa ni hivyohivyo, sifuri yako lazima uiweke mwenyewe ukiwa mzima kama sasa hivi, na uiandike kwa maneno kwenye ukurasa wa kwanza. Mfano sifuri: naamka saa kumi, napika, nataniana na wateja, jioni nimechoka, saa nne usiku nimelala. Juu moja: nimeongeza vyakula vitatu ambavyo sijawahi kuuza, naongea mpaka mteja anaacha kula. Juu mbili: nimeenda kukopa kausha damu nifungue tawi la pili stendi. Juu tatu: silali kabisa, nagawa chakula bure, nasikia sauti. Na chini hivyohivyo, chini moja nafungua biashara ila mteja akinisalimia naona ananisumbua, chini mbili siogi, maandazi nanunua kwa jirani niuze maana kukanda siwezi, chini tatu sitoki kitandani na mawazo ya kufa yanakuja. Hizi nimetunga mimi kwa kubahatisha kazi yako, we weka za kwako, na kaa na mtu aliyekuwepo mwaka jana kabla hujalazwa akukumbushe maana mengine wewe huyakumbuki.

Kuna siku utashindwa kuchagua, nguvu ziko juu, mwili hautulii, lakini kichwani ni giza na hasira na kutamani kufa. Usihangaike kutafuta wastani, andika zote mbili, juu mbili chini tatu. Hali hiyo mchanganyiko ndo sisi manesi tunaiogopa kuliko sonona ya kulala tu, kwa sababu mtu ana mawazo ya kujiua na nguvu ya kuyafanya anayo. Siku hiyohiyo hospitali, na mtu wa kukusindikiza, sio kesho.

Kuhusu furaha yako, saa moja ya kucheka sana haijawahi kuwa ugonjwa na nusu siku ya kununa pia. Madaktari wenyewe wanahesabu siku. Kupanda kudogo ni siku 4 mfululizo na kuendelea, mania, yaani kupanda kukubwa, ni kama wiki nzima au chini ya hapo kama imebidi ulazwe, sonona wiki 2. Kwa hiyo mudi ya siku moja iandike uiache, Ijumaa jioni ndo ufungue daftari uangalie wiki nzima kwa pamoja. Furaha ya harusi unajua imetoka wapi, ikifika usiku inakuacha ulale, na Jumatatu unarudi kwenye mkaa wako kama kawaida. Nenda harusini mdogo wangu. Vaa sare, cheza, ila dawa meza saa yake ileile, saa tano za usiku uwe umeshaaga hata kama keki haijakatwa, zile kazi za mkesha za kukatakata vitunguu waachie wengine, na usiku unaofuata ulale mapema. Anayesema usiende mwambie nesi amesema aje yeye akurudishe saa tano.

Shemeji sasa. Usimkasirikie sana, aliyoyaona mwaka jana wewe huyajui yote na yeye nae anaogopa. Lakini hilo swali lake litakufanya uanze kuficha, na ukianza kumficha yeye daftari lako halina kazi tena. Mkae siku mmetulia, chagueni dalili tatu tu ambazo zilitangulia safari iliyopita, mfano kutolala, kuongea na simu usiku wa manane, kukopa. Mkubaliane akiona mbili kwa pamoja ana ruhusa ya kusema, na atasema neno gani ambalo halitakuudhi, na wewe utafanya nini ukiambiwa. Nje ya hapo swali la dawa lifungwe. Tundika kalenda ukutani chumbani, ukimeza unaweka tiki, akitaka kujua ataangalia ukuta. Na kama amerudi saa saba usiku hajasema alikuwa wapi ukakasirika, hiyo ni hasira ya mke mwenye akili zake timamu, waala asiilete kliniki.

Kitu kimoja cha pembeni, kama kati ya dawa zako kuna valproeti na unafikiria mtoto wa tatu au huna uzazi wa mpango wowote, mwambie daktari mapema kabla mimba haijaingia, ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni. Usiiache mwenyewe, mwambie akubadilishie.

Habari dada. Niko Lindi, nafanya kazi ofisini, nakaa nyumba ya kupanga tunachangia chumba. Sitaki mtu aone nina daftari la ugonjwa. Nitumie programu ya simu? – Msiri

Nzuri. Programu inafaa, hasa kwa kengele ya kukumbusha dawa. Ila nyingi ziko kwa Kiingereza, na kabla hujaijazia siri zako soma taarifa zako zinaenda wapi. Kama bando linasumbua au unatumia kitochi wala usihangaike, chukua daftari la matumizi ambalo kila mtu analo na kwenye kona ya kila tarehe andika 6, 0, tiki. Masaa sita, mudi sifuri, dawa nimemeza. Mwenzio akiona atadhani ni hesabu za mchezo wa upatu.

Salaam dada. Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, tuko Tandahimba. Msimu uliopita hela za korosho zilipoingia alikaa siku nne halali, akanunua pikipiki mbili kwa mpigo, akawa anagawa hela stendi, anasema kapata wafadhili atapeleka korosho India kwa meli yake. Wazee wakasema kaingiliwa na jini akapelekwa kwa mganga, baadae tukampeleka hospitali akapewa dawa akatulia, akaziacha. Saizi ni tofauti kabisa, analala tu, haongei, tukimwamsha twende kupulizia mikorosho salfa analia. Wengine wanasema anajifanya maana madeni yamembana. Je ni ugonjwa mmoja au miwili? Na tutajuaje msimu ujao kabla hajaharibu? Maana dada huku msimu ukifika kila mtu anakuwa kichaa na hela. – Kaka Mkubwa

Kaka hilo la mwisho umelisema kweli. Msimu wa 2024 bei ilivyopita 4,000 kwa kilo hata watu wenye akili zao walinunua spika kubwa kuliko nyumba. Ukitumia hela kama kipimo Tandahimba nzima tutailaza wodini. Kinachomtofautisha mdogo wako na wenzie ni kwamba wenzie wakitoka kunywa wanalala mpaka saa tano. Yeye siku nne hajalala na hachoki. Tena angalia kama alianza kubadilika kabla hela haijaingia, maana kwa wengi hela inamkuta mtu ameshaanza kupanda, haimpandishi yenyewe.

Ugonjwa mmoja au miwili? Siwezi kumpima kwa barua, ila ulivyoeleza inafanana sana na mmoja wenye sura mbili, na umri wake ni uleule ambao baipola hupenda kuanza, mwisho wa ujana wa shule mpaka ishirini na kitu. Haupo kwenye kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Unaonekana ukimfuatilia mtu muda mrefu, na hata yule daktari Mjerumani, Emil Kraepelin, mwaka 1899 alipoutenganisha na magonjwa mengine ya akili alifanya hivyo kwa kuangalia mwendo wa wagonjwa kwa miaka, asingeweza kwa kumwona mtu siku moja. Kwa hiyo wewe una kitu ambacho daktari hana, umekuwa nae tangu utoto.

Fanya hivi. Chukua karatasi ya manila, chora mstari mrefu katikati, huo ndo uzima wake. Tarehe hamtazikumbuka lakini misimu mnaikumbuka, weka mikorosho kutoa maua, minada, masika, Ramadhani, jando la mtoto wa fulani, msiba wa babu. Alafu kaa na mama yenu mkumbuke, wakati ule alikuwaje, alikuwa juu ya mstari au chini, alikuwa analala, alikuwa anakunywa uraka au nipa au kuvuta bangi, dawa alikuwa anameza au ameacha. Mara nyingi familia ikichora hivi inashtuka kuona kulikuwa na kupanda kudogo miaka miwili mitatu nyuma ambako walisema tu kijana kachangamka. Hiyo karatasi mwende nayo hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula hapo Mtwara, mkaulizie huduma ya afya ya akili. Na muwahi, kwa sababu sasa hivi yuko chini, akienda peke yake akasema tu nina huzuni sina nguvu na hadithi ya pikipiki asiiseme, anaweza kuandikiwa dawa ya sonona peke yake, na kwa mtu wa baipola dawa hiyo ikitolewa bila ya kutuliza mudi inaweza kumrusha juu kabisa.

Salfa mwacheni kwanza. Najua inapulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka, na alfajiri kwa mtu wa sonona ndo muda mbaya kuliko yote, wengi wanaanza kupata ahueni mchana kuelekea jioni. Mpeni kazi ya jioni, ndogo, hata kuchota maji tu, na mikorosho yake mwaka huu apulizie binamu kwa makubaliano. Madeni ni kweli yanambana lakini mtu anayejifanya halii akiamshwa. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akijibu ndio, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga aga, msimwache peke yake, viuatilifu vya shambani vitoeni ndani, na mwende hospitali siku hiyo.

Wazee usigombane nao kuhusu jini, hutawashinda na utampoteza mgonjwa katikati ya ugomvi. Dua ziendelee, kisomo kiendelee, kinachokatazwa ni kuachishwa dawa, kufungwa kamba, kupigwa na kunyimwa chakula.

Kuhusu msimu ujao mzungumze akishapata nafuu, kabla ya mwezi wa tisa. Hela za mnada siku hizi zinaingia benki, kwa hiyo akiwa mzima akubali mwenyewe, kwa maandishi, kadi ikae kwa mama na manunuzi ya zaidi ya kiasi mtakachopanga yasubiri siku saba. Mkimnyang'anya siku ameshapanda mtapigana. Na kuanzia mwezi wa nane kila asubuhi mtu mmoja, mmoja tu sio ukoo mzima, awe anamuuliza jana ulilala saa ngapi na kuandika.

Asalaam aleikum dada nesi. Natumia lithiamu. Ramadhani nilikuwa nimelazwa, nina deni la funga. Naweza kulipa? – Kijana wa Mikindani

Waaleikum salaam. Usianze kabla hujaongea na daktari, na sababu yake ni maji. Lithiamu, dawa ya kutuliza mudi, ni aina ya chumvi na inatolewa na figo, ukikauka mwili inabaki ndani na kupanda mpaka kuwa sumu. Ni dawa nzuri na ya zamani, John Cade wa Australia aliandika habari zake tangu 1949, lakini nafasi kati ya dozi ya kutibu na dozi ya kudhuru ni finyu. Wengi hupangiwa kiwango cha lithiamu kwenye damu kati ya 0.6 na 1.0 (mmol kwa lita), damu ikitolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kama dozi yako ni mara moja usiku na vipimo vya damu na figo viko vizuri daktari anaweza kukupangia, kama ni mara mbili tatu kwa siku itabidi abadilishe kwanza, we usijibadilishie. Na usichague mwezi wa kumi na moja kwenye joto hili letu.

Ukiruhusiwa kufunga, kunywa maji ya kutosha kuanzia futari mpaka daku, chumvi usiipunguze ghafla, na kichwa kikiuma epuka ibuprofeni na diklofenaki kwa sababu zinapandisha lithiamu, omba paracetamoli. Ukitapika, ukiharisha, mikono ikitetemeka mpaka kikombe kinamwagika, ukiyumba kama mlevi au ulimi ukiwa mzito, fungua swaumu hapohapo, dozi inayofuata usimeze, nenda hospitali na uwaambie ni lithiamu. Kwenye daftari lako siku za funga andika na masaa ya usingizi, daku inakata usiku vipande viwili na we unajua usiku uliokatika unakufanyaje.

Mgonjwa ana ruhusa yake, iko Suratul Baqara aya ya 184, na kama daktari atasema usifunge kabisa, mwone sheikh wako akueleze habari ya fidia. Nenda nae kliniki kama anakubali, nimeona masheikh wakisaidia kuliko sisi kwenye hili.